Simu ya Deni Usilolijua: Mtambue Tapeli, Zijue Haki Zako

Mwaka jana shangazi yangu alifiwa na mumewe. Kama ilivyo ada yetu, siku ya maziko, kabla jeneza halijainuliwa, kijana wao mkubwa alisimama akatangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze kwa familia, na yule ambaye marehemu alikuwa akimdai naye aseme. Tangazo la msiba lilikuwa limeshaenea kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa na ya ukoo. Lilikuwa na jina kamili la marehemu, picha yake, mahali pa maziko na nambari ya simu ya nyumbani.

Siku ya tisa, shangazi akiwa ndani ya eda, simu ililia. Mwanamume mwenye sauti ya upole alimpa pole, akamwombea marehemu, kisha akasema anapiga kutoka ofisi ya kukusanya madeni Nairobi. Marehemu, alidai, alikopa kwa simu Sh38,500, na sasa na riba deni limefika Sh61,200. Lakini kwa kuwa kuna msiba, kampuni imekubali Sh30,000 tu, mradi zilipwe kabla ya saa kumi jioni. Zikikosa kulipwa, madalali watakuja kesho kubeba vyombo, na marehemu atabaki kaburini na deni shingoni.

Hilo la mwisho ndilo lililomvunja. Nilipofika baada ya Alasiri nilimkuta ameshamtuma mjukuu amwite sonara. Bangili zake mbili zilikuwa juu ya meza, zimefungwa kwenye leso.

Nilimwomba simu, nikampigia yule bwana, nikamuuliza maswali manne. Kwa swali la tatu alianza kunitukana. La nne hakulijibu; alikata, na tangu hapo nambari ile haikupatikana tena.

Simuandiki haya kujisifu. Mimi mwenyewe, miaka michache nyuma, niliwahi kutuma Sh4,500 kwa mtu aliyeniambia atanitoa jina CRB. Zilikwenda na hazikurudi. Mimi si wakili. Ni mtu aliyechomwa, akakaa chini akaisoma sheria kidogo kidogo, akauliza wanaojua. Niliyoyapata nayaweka hapa ili mtu ayahifadhi na kumsomea mamake.

Kwa nini tunanaswa

Tumelelewa kuliogopa deni. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na kwamba dawa ya deni ni kulipa. Hayo ni malezi mema. Tapeli anayajua na huyatumia. Hakuahidi utajiri kama wale wa bahati nasibu. Anakushika kwa aibu na hofu, na mtu mwenye aibu haulizi maswali wala hamwiti jirani.

Jambo la pili ni kwamba anajua mambo yako. Watu huniambia, "Lakini alinitajia nambari ya kitambulisho!" Hebu jiulize umeiandika mara ngapi. Umeiandika kwenye daftari la bawabu kila ulipoingia jumba la ofisi, kwa wakala wa pesa, kwenye fomu ya basari ya mtoto, kwenye orodha ya chama. Mtu kuijua nambari yako si ushahidi kwamba anakudai.

Sura za utapeli huu

Deni la zamani. Anadai ulikopa miaka mitatu au minne iliyopita kwa aplikesheni ambayo hata huikumbuki. Kiasi si kikubwa, Sh2,000 au Sh5,000, ili uone bora ulipe uondoe udhia.

Kufutwa CRB. Anasema jina lako limeorodheshwa na kwa ada ndogo atalifuta leo. Hakuna mtu mwenye uwezo huo. Taarifa ya kweli ya deni lililochelewa hukaa kwenye kumbukumbu miaka 5 hata baada ya kulipa, ila huonyesha kwamba umelipa. Taarifa ya uongo husahihishwa kwa malalamiko, si kwa hongo.

Mdhamini. Anakwambia mpwa wako au mfanyakazi mwenzako amekopa akakuweka mdhamini, kwa hivyo ulipe wewe. Kudhamini ni mkataba. Kama hukutia sahihi wala kukubali, wewe si mdhamini. Nambari yako kuwa kwenye simu ya mtu haikufanyi umdhamini.

Dalali na karani wa mahakama. Unaletewa kwa WhatsApp karatasi yenye nembo ya serikali, muhuri mwekundu na maneno makali ya kisheria. Muhuri siku hizi unachorwa kwa simu.

Pesa "zilizokosewa." Unapokea ujumbe kwamba umetumiwa pesa, halafu mtu anapiga akilia umrudishie. Tazama salio lako kwanza, maana ujumbe wenyewe huenda ni bandia. Kama kweli pesa zimeingia, usizirudishe kwa mkono wako. Mwambie aombe zirudishwe kupitia kampuni ya simu.

Afisa wa Fuliza. Huyu ni rahisi kumkamata. Fuliza hujilipa yenyewe pesa zinapoingia kwenye laini yako. Hakuna afisa anayehitaji uitumie nambari ya mtu binafsi ili kulipa Fuliza.

Maswali ya kumuuliza

Haya ndiyo niliyomuuliza yule bwana, nimeongeza moja. Yaandike ubandike karibu na simu.

La kwanza: Jina la kampuni iliyokopesha ni lipi, na ina leseni ya nani? Tangu sheria ya Benki Kuu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2021 na kanuni kutolewa Machi 2022, mkopeshaji wa kidijitali anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu ya Kenya. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu, na kijana yeyote mwenye simu ya intaneti ataipata kwa dakika moja.

La pili: Mkopo ulitolewa tarehe gani, kiasi gani, na uliingia nambari gani ya simu? Mdai wa kweli anayo taarifa hiyo. Tapeli atasema "hilo ni siri ya kampuni" au atataka umtajie wewe.

La tatu: Nitumie kwa maandishi taarifa ya deni na barua inayokupa ruhusa ya kukusanya kwa niaba ya kampuni hiyo. Hapa ndipo hasira huanza.

La nne: Nitalipa moja kwa moja kwa mkopeshaji, kwa Paybill yake. Je, kuna ubaya? Mdai wa kweli atafurahi. Anayeng'ang'ania utume kwa nambari ya mtu binafsi, kwa sababu "mfumo umeharibika leo", ni mwizi au ni mfanyakazi anayemwibia tajiri wake. Vyovyote vile, ukilipa huko deni lako litabaki palepale.

La tano: Nitakupigia kesho. Mpigie, lakini si kwa nambari aliyotumia yeye. Itafute nambari ya kampuni mwenyewe. Deni la kweli halifi kwa kulala usiku mmoja. Haraka ni ya tapeli.

Na kwa hali yoyote, usimtajie nambari yako ya siri, wala tarakimu zinazokujia kwa ujumbe mfupi, wala usibonyeze kiungo alichokutumia. Safaricom husema huwapigia wateja wake kwa 0722 000 000 tu.

Sheria inasemaje

Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupewa taarifa anazozihitaji, kulindwa maslahi yake ya kiuchumi, na kulipwa fidia akipata hasara kwa huduma mbovu. Kifungu cha 31 kinalinda faragha yake. Kutoka hapo zimetungwa sheria nyingine, na haya ndiyo yanayomhusu mwananchi wa kawaida.

Hufungwi na polisi kwa deni. Kushindwa kulipa mkopo ni kesi ya madai, si jinai. Polisi hana kazi hapo. Kifungo cha madai kipo kisheria, lakini hakiji kwa simu. Lazima mdai akushtaki, upate samansi, kesi isikizwe, hukumu itolewe, kisha uitwe mahakamani ueleze kwa nini usifungwe. Jinai huingia pale mtu anapotoa hundi akijua hana pesa, au anapokopa kwa hadaa.

Dalali hajii tu. Kwa deni la kawaida lisilo na rehani, dalali anahitaji amri ya mahakama. Lazima awe na leseni ya bodi ya madalali. Akija huorodhesha mali kwa maandishi, akakuachia karatasi hiyo, na anatakiwa akupe siku 7 za kulikomboa deni kabla ya kubeba. Hata akiwa na amri, Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, kifungu cha 44, inakinga nguo zako muhimu, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya familia, na zana za kazi unazozitegemea. Kwa hivyo anayekutisha atachukua sufuria na godoro la mtoto, huyo haijui sheria au anakuona wewe ndiye huijui.

Kwa ndugu zangu wa bodaboda na tuktuk, mambo ni tofauti kidogo. Kama uliweka chombo chenyewe rehani, mkataba waweza kumruhusu mkopeshaji akichukue bila kesi. Hata hivyo ni lazima akupe ilani kwa maandishi. Soma mkataba kabla ya kutia sahihi, na usiache nakala yako huko.

Deni la zamani lina mwisho. Sheria ya ukomo wa kesi humpa mdai wa mkataba miaka 6 kwenda mahakamani. Lakini angalia: ukilipa hata Sh200, au ukikiri deni kwa maandishi, hesabu ya miaka huanza upya. Ndiyo maana wengine husema, "Lipa kidogo tu tuonyeshe nia." Dini na dhamira zaweza kukwambia ulipe deni la kweli hata likiwa la miaka 20, na hilo ni jema. Lakini ulipe kwa kujua na umlipe mwenyewe.

Riba ina kikomo kwa mabenki. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinasema mkopo ukishakuwa mbovu, riba haiwezi kuzidi kiasi cha deni lililokuwa limebaki wakati huo. Ukiona deni la benki limezaa mara tatu au nne, omba hesabu kwa maandishi.

CRB ina utaratibu. Mkopeshaji anatakiwa akupe ilani siku 30 kabla ya kupeleka jina lako. Mkopo ulio chini ya Sh1,000 haufai kukuweka kwenye orodha. Na kila mwaka una haki ya kupata ripoti yako mara moja bila malipo kutoka kwa kampuni zilizoidhinishwa, kama TransUnion, Metropol na Creditinfo. Iombe hata kama hudaiwi. Ndiyo njia ya kugundua kama mtu amekopa kwa jina lako. Piga pia *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Deni la kweli, mdai mkorofi

Si kila anayesumbua ni tapeli. Pengine umekopa kweli na umechelewa, lakini mkopeshaji anakutukana na kuwapigia shemeji, mwajiri na imamu wa msikiti wenu. Kudaiwa hakukuondolei utu wako.

Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinamkataza mkopeshaji wa kidijitali, na yeyote anayemtuma, kutisha au kutumia nguvu, kutoa matusi, kuingia kwenye orodha ya majina ya simu yako, na kuwapigia au kuwaandikia jamaa na marafiki zako bila idhini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inazuia taarifa zako kutumiwa kwa jambo ambalo hukulikubali. Si maneno matupu: mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia nambari za watu na kuwatumia jumbe za vitisho. Kumuandama mtu kwa simu na mitandao hadi akaingiwa na hofu kwaweza pia kuwa kosa la jinai chini ya sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 2018.

Lakini haki hizi hazifuti deni. Ukichelewa, mwandikie mkopeshaji mapema, mwambie unaweza kulipa kiasi gani na lini, na weka nakala ya majibu yake. Wengi hukubali kugawanya malipo.

Deni la marehemu

Hapa narudi kwa shangazi. Katika sheria yetu ya Kiislamu, deni la marehemu hulipwa kabla ya wasia na kabla ya mirathi. Ni amana nzito na hakuna anayeibisha. Lakini hulipwa kutoka kwa mali aliyoiacha marehemu. Mjane hawi mdaiwa kwa sababu tu alikuwa mke, wala watoto hawarithi deni mifukoni mwao. Sheria ya Kenya ya urithi nayo iko hivyo: anayesimamia mali ndiye hulipa madeni, na hulipa kutoka kwenye mali hiyo. Jamaa wakipenda kuongeza kwa hisani yao, hiyo ni thawabu yao.

Na deni linahitaji ushahidi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Kumuuliza mdai "uko wapi ushahidi?" si ukosefu wa adabu. Kukiwa na mzozo, Mahakama ya Kadhi hushughulikia mirathi ya Waislamu, na dai linaweza kupelekwa huko mbele ya warithi wote.

Nashauri kila familia ifanye mambo matatu. Mteueni mtu mmoja wa kupokea madai, asiwe mjane aliye katika eda. Kila anayedai aje mwenyewe na alete maandishi au mashahidi. Na tangazo la msiba lisiwe na nambari ya kitambulisho wala nambari ya simu ya mjane.

Ukishatuma, au ukitaka kushtaki

Usinyamaze kwa aibu. Kama umetuma kwa M-Pesa, upeleke ujumbe wa muamala kwa 456 papo hapo, maana nafasi ya kuzipata ni kabla hazijatolewa. Nambari za matapeli zipeleke kwa 333, ni bure. Wa mitandao mingine wapigie kitengo cha wateja cha mtandao wao.

Piga picha jumbe zote, andika saa na tarehe za simu. Kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu upate nambari ya OB, au uwaarifu makachero wa DCI kwa laini yao ya bure, 0800 722 203. Malalamiko ya faragha yanakwenda kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Unaweza kuyapeleka kwa mtandao bila kusafiri Nairobi, na sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 90. Mkopeshaji mkorofi mwenye leseni mshtaki Benki Kuu.

Ukitaka fidia au kurejeshewa pesa na kampuni inayojulikana, iko Mahakama ya Madai Madogo, na Mombasa ipo. Inasikiza madai yasiyozidi Sh1,000,000, inatakiwa imalize ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Asiyejua pa kuanzia aende Kituo cha Sheria, wana tawi Mombasa, wawasaidie wasio na uwezo.

Mdai wa kweli

Nimalizie na lililotokea wiki mbili baadaye. Alikuja mzee wa duka la pembeni, akabisha hodi, akakaa barazani na kijana wa shangazi. Alitoa daftari lililochakaa. Ukurasa mmoja ulikuwa na jina la marehemu, sukari, mchele, mafuta, na sahihi yake ya mkono tunayoijua sote. Jumla ilikuwa Sh6,400. Akasema hana haraka, amekuja kwa sababu aliusikia wito siku ya maziko, na wakishindwa atasamehe.

Alilipwa kabla ya mwezi kwisha, kutoka kwa alichokiacha marehemu, na akachora mstari kwenye ukurasa ule mbele ya mashahidi wawili. Bangili ziko sandukuni kwa shangazi hadi leo.